Mwambie atoe ulimi kwanza

Wadogo zangu mnaoanza staji ya upasuaji hapa Bukavu, uvimbe wa shingoni utawadanganya. Sisi wa Kivu tumezoea goita, yaani kuvimba kwa tezi ya tiroidi. Ya Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, ilishafanyiwa uchunguzi tangu miaka ya 1960. Basi uvimbe wa katikati tunauita goita, wa pembeni tunauita kifua kikuu cha tezi za limfu. Mara nyingi tunapatia, ndiyo maana tunazoea vibaya.

Mimi nilimkosea kijana mmoja. Uvimbe chini ya taya, mbele ya msuli wa shingo, ulikuwa umekuwa mkubwa ghafla baada ya mafua, mwekundu, wa moto. Nikasema jipu, nikapasua. Usaha ukatoka, akanishukuru. Baada ya miezi miwili karudi na tundu linalovuja. Ilikuwa kisti (mfuko wa maji) ya kuzaliwa nayo, mabaki ya koo la mimba ambayo yalipaswa kutoweka kabla hajazaliwa. Njia ya kisti ya aina hiyo inaweza kupita kati ya matawi mawili ya mshipa mkubwa wa damu na kufika hadi tonsili; kuitafuta ndani ya kovu nililolitengeneza mwenyewe kulituchukua nusu siku. Ikiwa na usaha, toeni antibiotiki, vuteni usaha kwa sindano, ngojeni wiki kama sita, ndipo muiondoe nzima.

Kisti ya katikati ya shingo ni rahisi kuigundua: mgonjwa ameze mate, halafu atoe ulimi. Ikipanda ulimi unapotoka, imeshikamana na hioidi, mfupa mdogo ulio chini ya ulimi. Fanyeni ekografi kuona kama tezi ya tiroidi ipo mahali pake, kwani pengine uvimbe huo ndio tiroidi pekee aliyonayo. Katika upasuaji, kateni na sehemu ya kati ya hioidi, kama daktari wa upasuaji Sistrunk alivyoandika mwaka 1920. Mkiuacha mfupa, kisti inarudi mara nyingi.

Aliyepita miaka 40 ni habari nyingine kabisa. Kansa ya tonsili, ya shina la ulimi au ya tiroidi huweza kujaza tezi ya limfu ya shingoni maji, ikafanana na kisti kama pacha. Sindano ikitoa maji yasiyo na seli za kansa, bado msitulie. Pelekeni maji hayo kwenye GeneXpert pia, mashine ya kupima kifua kikuu, kisha vaeni glavu na kuigusa tonsili kwa kidole, hata ikionekana nzima. Mgonjwa atatapika kidogo na kuwalaani.