Mtoto haitiki akiitwa: maswali yenu kuhusu usonji

Mwanangu ana mwaka na miezi minane, haongei, ukimwita hageuki. Zahanati wanasema nisubiri, eti wa kiume huchelewa. (Mama, Morogoro)

Usisubiri, mama. Hiyo kauli ya "wa kiume huchelewa" imewapotezea wengi miaka. Anza na masikio: omba barua ya rufaa akapimwe usikivu, kwa sababu asiyesikia naye hageuki akiitwa. Wakati huohuo jibu dodoso la kuchunguza dalili za usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na kuhusiana na watu), liitwalo M-CHAT, maswali 20 ya ndiyo au hapana, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Linapatikana bure mtandaoni. Linauliza mambo ya nyumbani tu: ukimwonyesha kitu kwa kidole upande wa pili wa chumba, anakiangalia? Naye huwa anakuonyesha kitu, si kwa kukitaka, bali ili mkitazame pamoja? Majibu yake si utambuzi, ila yanampa daktari sababu ya kukusikiliza.

Na mrekodi kwa simu, dakika mbili tatu: akicheza, akila, akiitwa jina. Hospitali atalia au atalala, na daktari hataona kitu.

Nimeambiwa nilipie CT scan ya kichwa ili ijulikane kama ni usonji. Ni lazima? (Baba, Mwanza)

Hakuna picha ya ubongo wala kipimo cha damu kinachothibitisha usonji. Unatambuliwa kwa kumwangalia mtoto na kumhoji mzazi kwa kina. Kama ana degedege au kuna dalili nyingine, picha inaweza kuwa na maana yake. Muulize daktari anatafuta nini kabla hujatoa hela.

Ni chanjo ya surua iliyomharibu? (Dada, Tanga)

Hapana. Uvumi huo ulienezwa na makala ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, ya mwaka 1998, iliyohusu watoto 12 tu. Jarida lililoichapisha, The Lancet, liliifuta mwaka 2010. Dozi ya pili ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, umri ambao dalili za usonji nazo huanza kuonekana wazi. Ndiyo maana watu huziunganisha.

Kwangu, siku hiyo ya chanjo ndiyo nafasi tunayoichezea. Mama kashafika, kadi ya kliniki iko mkononi, mtoto anapimwa uzito. Muuguzi akimuuliza yale maswali 20 hapohapo, wangapi wasingefika darasa la kwanza ndipo mwalimu ashtuke?

Tuko Machakos, daktari bingwa ametupa tarehe ya mbali sana. (Mama na baba)

Tarehe hiyo ishikeni, ila msikae bure. Kenya ina vituo vya EARC (Educational Assessment and Resource Centre) chini ya Wizara ya Elimu, vilivyoanza mwaka 1984, vinavyopima mahitaji ya mtoto na kushauri kuhusu shule. Ulizeni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mazoezi ya kuongea nayo hayangoji cheti: zima televisheni, keti sakafuni uso kwa uso naye, taja anachokishika, kisha nyamaza umpe muda wa kujibu kwa namna yake.

Mume wangu hataki kusikia habari hizi. (Mama, Kibaha)

Mpe yeye simu arekodi hizo video.