Mbwa Anajitafuna Juu ya Mkia

Swali: Mbwa wangu anajikuna usiku kucha, manyoya yamenyonyoka juu ya mkia. Sioni kiroboto. Je, ni chakula? – Msomaji, Tanga

Jibu: Sehemu hiyo hutufanya tushuku kwanza mzio wa mate ya viroboto. Kuumwa mara chache tu kunatosha, na akijilamba huwameza, ndiyo maana huwaoni. Mchane manyoya juu ya karatasi nyeupe yenye unyevu: chembe nyeusi zikiacha doa jekundu, hicho ni kinyesi chao, yaani damu ya mbwa wako.

Mpe dawa ya viroboto inayolingana na uzito wake, kila mwezi, angalau miezi 3. Muda huo unahitajika kwa sababu viroboto wachanga waliojifungia kwenye vifuko sakafuni hawafi kwa dawa, na hutoka baadaye. Tibu wanyama wote nyumbani, lakini paka, tafadhali, apate dawa yake: permethrini, kemikali ya kuua wadudu iliyomo katika baadhi ya dawa za mbwa, inaweza kumuua. Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Ngozi ikitoa usaha, mpeleke kwa daktari wa mifugo.