Ukiona tangazo la Jaguar XJ6 "imetunzwa vizuri sana", soma hapa kabla hujatoa hela

Kila anayeiona Jaguar yangu swali ni lile lile, umeipata wapi na mimi naitaka, na wengine wananitumia kabisa tangazo la gari ambayo wameshaipenda: XJ6 ya 1984, bluu iliyokolea, viti vya ngozi rangi ya maziwa, dashbodi ya mbao za walnut inang'aa, muuzaji kaandika imetunzwa vizuri sana. Basi leo naandika yote sehemu moja, hasa kwa sisi tunaoishi huku Uingereza ambako hizi gari zilitengenezwa na ndiko bado zipo nyingi, spea zipo, na mafundi wanaozijua wapo.

Kwa asiyeifahamu, XJ ilitoka Septemba 1968 kwenye kiwanda cha Browns Lane pale Coventry, na ndiyo gari kubwa ya saluni ya mwisho aliyoisimamia Sir William Lyons mwenyewe, yule mzee mwanzilishi wa Jaguar, kabla hajastaafu 1972. Zimekuja awamu tatu. Ya tatu, Siriz 3, ilianza 1979 baada ya wabunifu wa Pininfarina wa Italia kuichonga upya paa na kuipa vioo vikubwa zaidi, na ndiyo ninayoizungumzia hapa kwa sababu ndiyo ninayo na ndiyo naona inamfaa mtu anayeanza. Zenye silinda 6 ziliendelea mpaka 1987, zenye silinda 12 mpaka 1992. Injini ya lita 4.2 ni ya ukoo wa XK uliozaliwa 1948, ukoo ule ule ulioshinda mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa mara 5 miaka ya 1950. Ukikaa ndani ukawasha, halafu ukaiachia taratibu kwenye barabara ya vijijini, utaelewa kwa nini watu wazima wanazipenda hizi gari kama watoto wao, kimya, laini, matuta unayasikia kwa mbali tu.

Sasa shida. Macho yetu yanaenda kwenye ngozi na mbao, na muuzaji anajua. Mi nakwambia nunua bati na makaratasi, ngozi na mbao viwe vya mwisho kabisa. Ngozi iliyokauka inalishwa mafuta inarudi, kitambaa cha paa kikianguka (na kwenye Siriz 3 kinaanguka sana) kuna fundi anakibandika upya, lakini gari iliyoliwa na kutu kwa ndani itakula hela yako mpaka uichukie.

Mimi nilizunguka sana kabla ya kupata yangu, nimeingia kwenye magereji ya watu kuanzia Coventry mpaka Wales, na kuna nyingine ilikuwa imepigwa rangi mpya inawaka kama kioo, nafika nagusa boneti nakuta ya moto, mwenye gari ananiambia alikuwa anaipasha tu ili nisisubiri. Nikamshukuru nikaondoka. Gari ya zamani ikipashwa moto kabla hujafika hujui inawakaje ikiwa baridi, hujui moshi wa mwanzo una rangi gani, hujui cheni za injini zinalia au hazilii. Niliyoinunua ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu, na yeye ndiye alinisisitiza nije asubuhi nikute injini imelala. Aliponifungulia mlango hakuanza na gari, alianza na faili. Risiti toka miaka ya 80, karatasi za MOT (ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka) za zamani zile za kuandikwa kwa mkono, daftari la oili na tairi, mpaka risiti ya betri. Rangi yenyewe imepauka kidogo juu ya boneti na ina alama za mawe, na hiyo kwangu ilikuwa habari njema, kwa sababu rangi ya kiwandani yenye makovu inakuonyesha bati lilivyo, rangi mpya inaficha. Kama muuzaji anasema imepigwa rangi, muulize ana picha za wakati bati liko wazi? Anayefanya kazi nzuri huwa anazo picha, tena anakuonyesha kwa fahari.

Tukija kwenye kutu, hapa usiwe na haraka. Beba tochi, beba sumaku ndogo uifunge kitambaa isikwaruze, ipitishe chini ya milango, kwenye matao ya nyuma juu ya tairi, na kwenye bati lile refu la chini ya milango, ukikuta sehemu sumaku haishiki ujue hapo pamezibwa na puti, bati halipo. Halafu angalia kona za chini za kioo cha mbele na cha nyuma, ukiona rangi inavimba pembeni ya raba usijidanganye ni kidogo, kuirekebisha inabidi kioo kitolewe na huwezi kujua utakuta nini chini yake. Inua mazulia miguuni, weka mkono, kama spongi chini ina unyevu basi maji yanaingia na sakafu inaoza taratibu. Chini ya gari kuna pale mikono ya sasipensheni ya nyuma inaposhika bodi, mbele kidogo ya tairi za nyuma, pakioza hapo gari sio salama hata kama juu inapendeza namna gani. Kwa hiyo lipia gereji yenye lifti wakupandishie gari uone tumbo lake. Muuzaji akikataa gari isipandishwe, umeshapata jibu.

Jambo jingine la hizi gari ni tenki mbili za mafuta, moja kila upande wa nyuma, jumla kama lita 90, na vifuniko viko juu ya bodi pale karibu na kioo cha nyuma, vinapendeza sana kwa kweli. Ila pale kwenye kifuniko maji ya mvua yanakaa, na kamrija kanakoyatoa kakiziba maji yanaishia kuozesha tenki. Kuna kitufe kwenye dashbodi cha kuhamisha kutoka tenki moja kwenda nyingine, ukiwa kwenye majaribio kibonyeze, endesha dakika kadhaa kwa kila tenki. Muuzaji akikuambia hiyo ya kushoto huwa haitumii, maana yake imeoza au pampu imekufa.

Injini ya 4.2 ni imara ila haipendi joto. Hedi ni ya aluminiamu, bloku ni chuma, na kama mtu kaitembeza miaka na maji matupu bila kulanti (ile dawa ya rejeta), tope linajaa ndani, rejeta inaziba, gari inachemsha, gasketi inaungua. Endesha nusu saa nzima, ikiwezekana ipite kwenye foleni, angalia mshale wa joto. Presha ya oili injini ikishapata moto unataka kama psi 40 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Kudondosha oili kidogo chini usishtuke, nyingi zinadondosha, ila oili nyingi inayotokea kwenye maungio ya injini na gia boksi ni kazi kubwa maana injini inatolewa nje kwa ajili ya sili moja tu, kile kizuizi cha oili. Nyuma nako, diski za breki haziko kwenye tairi kama gari za kawaida, ziko ndani zimeshikana na difu (gia ya ekseli ya nyuma), hivyo sili za difu zikivuja oili inarukia kwenye breki, na fundi mara nyingi inabidi ashushe fremu yote ya nyuma. Uliza lini mara ya mwisho imeshushwa, na risiti iko wapi.

Watu wengi wanapenda kusikia gari imetembea maili chache sana. Mimi hapana. Gari iliyolala miaka kwenye gereji raba zake zote zimekauka, breki zimeganda, petroli imeharibika kwenye tenki, na siku ukianza kuitembeza kila wiki kinakufa kitu. Heri iliyotembea maili nyingi kidogo kidogo kila mwaka na mtu mmoja anayeihudumia. Na kuhusu mwaka, zile za mwanzoni, 1979 na 1980, zilisumbuka sana na rangi maana kiwanda cha bodi cha Castle Bromwich kilikuwa na mtambo mpya wa rangi uliokuwa bado haujatulia, mambo yakaanza kunyooka John Egan alipochukua uongozi wa Jaguar 1980. Mimi ningekuambia tafuta kuanzia 1983 kwenda mbele.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, na kwenye hizi gari ndivyo ilivyo, nzuri nyingi zinauzwa ndani ya klabu kabla hata tangazo halijatoka. Kwa hiyo jiunge, kuna Jaguar Enthusiasts' Club na Jaguar Drivers' Club, nenda kwenye mikutano yao, kunywa chai na wazee, sema unatafuta. Hawa watu ni wakarimu kuliko unavyodhani, ukionyesha unaipenda gari watakupigia simu wenyewe. Na ukiipata nzuri usibane sana bei, tofauti kati ya gari ya wastani na gari nzuri huwa ni ndogo kuliko gharama ya kuchomelea na kupiga rangi ile ya wastani.

Makaratasi ya serikali. Historia ya MOT unaiangalia bure mtandaoni kwa namba ya gari tu, inarudi mpaka 2005, inakuonyesha maili za kila mwaka na kila kitu ilichofelia, isome yote, ukiona neno kutu linarudi kila mwaka mahali pale pale ujue mwenye gari alikuwa anaziba tu. V5C, ile logbuku, inaonyesha msajiliwa, sio ushahidi wa umiliki, kwa hiyo dai na risiti ya mauzo iliyosainiwa. Gari ikishafikisha miaka 40 unaweza kuomba iingizwe kundi la kihistoria, hapo kodi ya barabara ni sifuri (bado unajaza fomu yake kila mwaka), MOT sio lazima kama haijabadilishwa sana, na ULEZ, ile tozo ya hewa chafu ya London, hulipi. Ila wale mnaowaza kuikodisha kwenye maharusi, msamaha huo sio wa gari ya biashara, msije mkashangaa. Na hata kama MOT sio lazima, mimi yangu naipeleka kila mwaka, breki ni uhai. Bima chukua ile ya thamani mliyokubaliana mapema, maana bima ya kawaida ikitokea ajali wanakulipa bei wanayoona wao.

Wanaoniuliza kuhusu kuipeleka nyumbani, Kenya sheria ya kuingiza gari iliyotumika ni isizidi miaka 8, kwa hiyo usinunue kwanza ndio uulize. Nyumbani kwingine nako ongea na wakala wa forodha kabla, ushuru wa gari kuukuu unauma.

Ukishainunua, kabla hujaanza kutamba nayo, badilisha oili zote, ya injini, ya gia boksi na ya difu, maji ya breki, kulanti, mabomba yote ya raba ya maji na ya petroli, hata kama yanaonekana mazima, maana petroli ikivuja juu ya injini ya moto gari inaungua. Weka petroli ya E5, ile ya supa yenye ethanoli kidogo, achana na E10 iliyokuja 2021, yenye ethanoli nyingi zaidi, inakula raba za zamani, na jiandae maana gari inakunywa lita 16 mpaka 18 kwa kilomita 100. Spea ukikwama SNG Barratt pale Bridgnorth wanazo karibu zote. Mwenye tangazo lake anitumie namba ya gari na picha za chini, sio za viti, nitaangalia naye.