Maswali na Majibu: Kupima Vichujio vya Kutazamia Jua

Assalaamu alaykum. Skuli yetu hapa Wete imepewa darubini ya jua yenye kichujio cha hidrojeni-alfa (kinachopitisha mwanga mwekundu wa hidrojeni tu) kilichokwisha kutumika. Nitajuaje kama bado ni kizima?

Wa alaykumu s-salaam, mwalimu. Kwanza, kabla ya kulitazama jua, chomoa kichujio cha kuzuia kilicho upande wa jicho ukimulike kwa tochi, kwani unyevu wa pwani hukiotesha madoa mfano wa kutu, na chenye madoa hayo hubadilishwa. Kikiwa safi, kirudishe kisha elekeza darubini juani. Usihukumu kwa ndimi za gesi zinazochomoza ukingoni, maana hizo huonekana hata kwa bendi pana, yaani kichujio kikipitisha rangi nyingi kupita kiasi. Hukumu kwa uso wa jua wenyewe. Zungusha taratibu skrubu ya kuinamisha etaloni (bamba la kichujio lenye nyuso mbili zinazoakisiana, ndilo linalochagua rangi): nyuzi nyeusi za gesi usoni mwa jua zikikolea kisha zikafifia, umepita katikati ya mstari wa hidrojeni-alfa, nanomita 656.28. Zikikolea upande mmoja tu, mara nyingi mwanga unaingia kwa pembe zisizo sawa au pete imelibana bamba.

Nikirekebisha asubuhi, kufika saa sita picha imefifia. Kwa nini? (Mjini, Unguja)

Ikiwa etaloni yako ni ya bamba gumu, joto huisogeza bendi kuelekea wekundu. Kuinamisha huirudisha kuelekea ubuluu, wala hakuwezi kufanya kinyume chake. Kwa etaloni yenye nafasi ya hewa, nusu digrii tu husogeza takriban nanomita 0.025, kwa hiyo skrubu ishikwe kwa upole.

Naweza kupima upana wa bendi bila ya maabara? (Makunduchi)

Unaweza, ukiazima spektroskopu nzuri, chombo cha kutawanya mwanga kwa rangi zake. Kichujio cha nanomita 0.07 kinataka chombo kinachotenganisha vipande vidogo zaidi ya hapo, la sivyo utakuwa unapima upana wa chombo chenyewe. Pitisha mwanga wa jua kwenye kichujio kwa pembe zilezile za ndani ya darubini, kisha soma upana wa bendi pale mwanga unapofikia nusu ya kilele. Rula yako iwe mistari ya mvuke wa maji iliyo jirani na 656.28, ambayo kwa hewa yetu hii hukolea vizuri, na haihamishwi na mzunguko wa jua.

Nikiondoa kichujio cha kuzuia, si picha itang'aa zaidi? (Chake Chake)

Itang'aa, na jicho litaharibika. Etaloni hupitisha vilele vingi vya mwanga, na kichujio hicho ndicho kinachobakisha kimoja.