Maswali yenu ya maonyesho ya sanaa mjini: kazi 60 ukumbi mmoja, ukuta wa mtu, na mdhamini anayetaka kuchagua

Haya wapenzi, meseji zimejaa na nyingi zinagusa mambo yaleyale ya kuta, hela na nani ana haki ya kufuta nini. Nimechagua saba, zile ndefu nimezikata kidogo mtanisamehe.

Shikamoo dada. Nilitangaza kwamba msanii yeyote wa mtaani alete kazi, sasa zimekuja 60 na ukumbi ni mmoja. Karibu zote nzuri. Nazipangaje zienee zote?

Marahaba. Hazienei. Na hata zingeenea nisingekushauri, manake mtu akiingia akakuta kazi 60 zimebanana anazunguka dakika kumi, anapiga selfi mbili, anatoka hakumbuki hata moja. Kabla hujaanza kumhurumia mtu chukua futi kamba ukapime, usikadirie kwa macho, andika urefu wa kila ukuta halafu toa milango, madirisha, swichi, soketi, na pale mtungi wa kuzimia moto ulipotundikwa. Tuseme imebaki mita 32. Kama kazi nyingi zina upana wa mita moja na ukaacha sentimita 70 katikati zipumue, unapata kazi 18, basi. Hapo hesabu imekataa, sio wewe.

Sasa zipi 18. Hapa ndo watu wengi wanakosea wanachagua "nzuri zaidi", wanaishia na ukumbi wa vitu vizuri visivyoongea. Andika sentensi moja tu inayouliza swali, mfano nani anaruhusiwa kulala kituo cha basi usiku, au jengo likibomolewa majirani wanabaki na nini. Halafu pita kazi zote 60 ukijiuliza hii inajibu au inapinga au inakwepa. Kazi nzuri sana inayojibu swali lingine inasubiri maonyesho mengine, inauma lakini ndo kazi yenyewe ya mratibu. Ukishapata 18 zako kata magazeti kwa saizi ya kila kazi, yabandike ukutani kwa gundi ya karatasi, kaa nayo siku nzima, utaona mwenyewe nini kinamfunika mwenzie. Na video mbili zenye sauti usiziweke jirani hata kidogo, zitagombana mpaka mlinzi azizime.

Kuna kubanana kwa makusudi, hiyo sikatai. Juni 1980 kundi la wasanii linaloitwa Colab lilichukua jengo chakavu karibu na Times Square kule New York, zamani lilikuwa sehemu ya masaji, wakaingiza wasanii zaidi ya 100, kazi mpaka kwenye ngazi, Keith Haring na Jean-Michel Basquiat wakiwemo, na hao waliokuja kuwa maarufu baadae wakati huo walikuwa vijana tu wasiojulikana. Ile vurugu ndo ilikuwa hoja yao. Kama yako sio hoja, ni kuogopa kusema hapana, watu watajua.

Halafu wale 42 uliowaacha waandikie kila mmoja kwa jina lake. Ukimya ndo unawaumiza kuliko kukataliwa.

Mwenye jengo katuambia kwa mdomo tu "chora, hamna shida". Tunaanza wiki ijayo. Kuna haja ya karatasi kweli? Naogopa nikileta mkataba atashtuka.

Akishtuka sasa hivi ni bora kuliko ashtuke ukuta ukiwa umeshachorwa. Ngoja nikupe kisa kimoja ambacho kila anayeshika ukuta wa mtu anapaswa kukijua. Queens, New York, kulikuwa na majengo ya kiwanda cha zamani yakiitwa 5Pointz, mwenye nayo aliruhusu grafiti kwa miaka mingi, kukawa na msanii anayeratibu nani achore wapi na kwa muda gani, watu wakawa wanatoka nchi za mbali kuja kuangalia. Mwenye jengo akaamua kujenga maghorofa ya kupangisha. Novemba 2013, usiku, akapaka rangi nyeupe juu ya kila kitu, wasanii wanaamka asubuhi hamna kitu. Wakaenda mahakamani kwa sheria ya Marekani ya 1990 inayolinda kazi za sanaa zisiharibiwe, na mwaka 2018 jaji akawapa wasanii 21 jumla ya dola milioni 6.75, yaani dola 150,000 kwa kila kazi kati ya kazi 45. Rufaa ya mwenye jengo ikakwama 2020.

Wengi wanakisoma hiki kisa kama ushindi wa wasanii. Mi nakisoma kama mkataba uliokosekana. Ruhusa ilikuwepo, upendo ulikuwepo, ila hamna aliyeandika siku jengo likibomolewa itakuwaje, na kila upande ukapoteza, wasanii hawakurudishiwa kazi na mwenye jengo akalipa hela ambayo angeiepuka kwa kutoa taarifa mapema na kusubiri.

Kwahiyo karatasi moja, mbili zikizidi, lugha ya kawaida. Mchoro utakaa muda gani. Nani anarekebisha ukipasuka au ukichafuliwa. Nani anaruhusiwa kuupiga picha na kuzitumia kwenye tangazo la biashara. Kabla ya kuufuta taarifa siku ngapi na kwa nani. Jengo likiuzwa mnunuzi anaambiwaje. Na usidhani haya ya haki za msanii ni ya Marekani tu, Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki wenye nchi nyingi sana, unampa muumbaji haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa au kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima, kifungu hicho kipo tangu 1928, ila kila nchi inakitekeleza kivyake, muulize mwanasheria wa hapo ulipo.

Na kingine kisicho cha mkataba, waulize wanaokaa upande wa pili wa barabara. Mwenye ukuta anauona akija kuchukua kodi, wao wanauona kila wakifungua dirisha.

Oh na kama plasta ni mpya ya saruji ipe wiki nne hivi ikauke, na kama ukuta unakuwa na unyevu bandika kipande cha nailoni kingo zote zishike vizuri, rudi kesho yake, ukikuta majimaji nyuma yake rangi yako itabanduka hata iwe ya bei gani.

Mdhamini wetu anataka kuona kazi zote kabla na kukataa asizozipenda. Hela yake ndo nusu ya bajeti. Tufanyeje?

Kuona, sawa. Kukataa, hapana. Tofautisha hivyo viwili kwenye mazungumzo ya kwanza kabisa, kabla hela haijaingia akaunti, sababu ikishaingia huna tena ubavu.

Mpe dhamira ya maonyesho kwa maandishi, majina ya wasanii na kazi zao za nyuma, muulize kuna mada ambayo kampuni yake haiwezi kabisa kusimama nayo. Akisema ipo na ndo hiyohiyo uliyokusudia, mshukuru muachane mapema. Kinachoua maonyesho ni kukataa katikati. Desemba 2010 MOCA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa kule Los Angeles, lilikuwa linajiandaa na maonyesho makubwa ya sanaa ya mtaani, likamwita msanii wa Italia anayeitwa Blu apake ukuta wake wa nje, akachora majeneza yamefunikwa na noti za dola moja badala ya bendera. Ukuta ule ulikuwa unatazamana na jengo la huduma za maveterani na mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi. Jumba likaufuta lenyewe fasta hata maonyesho hayajafunguliwa. Unaweza kubishana nani alikuwa sahihi, mi hasira yangu iko sehemu moja tu: mnamuitaje msanii wa namna ile, mnampa ukuta wa namna ile, halafu hamjakaa nae mkaangalia nini kiko mbele ya ukuta? Hiyo ni kazi ya siku moja ya mratibu na hamna aliyeifanya vizuri.

Kuna pia njia ya Christo na Jeanne-Claude, wasanii mume na mke, hawakutaka wadhamini kabisa, walifadhili miradi yao kwa kuuza michoro ya maandalizi. Mwaka 1995 walifunika Reichstag, jengo la bunge la Ujerumani kule Berlin, kwa kitambaa kwa wiki mbili na watu kama milioni 5 walienda kuona. Ila walihangaika na vibali tangu miaka ya sabini, sasa wewe jipime una subira kiasi gani.

Tunawalipa wasanii kwa kuwatangaza. Kuna mmoja kagoma, anasema ni dharau. Je ni haki yake?

Ni haki yake na mimi niko upande wake. Umemlipa mwenye spika, umemlipa mwenye viti, umemlipa aliyechapa bango, halafu mtu ambaye bila yeye hamna iventi unamwambia utamtangaza. Kanada chama cha wasanii CARFAC kilianzishwa 1968 kupigania malipo na haki za wasanii, kikadai pia kazi ikionyeshwa hadharani msanii alipwe hata kama haiuzwi, na 1988 ikaingia kwenye sheria yao ya hakimiliki. Anza bajeti na mstari wa wasanii, kinachobaki ndo ununulie mapambo. Kama hela haipo kabisa punguza idadi ya wasanii, usipunguze malipo.

Tumepata ghala la zamani, ghorofa moja juu, tunataka maonyesho chini na muziki juu. Mlango mkubwa mmoja, ngazi ya mbao. Tunategemea watu 400. Tuzingatie nini?

Zingatieni kwamba hamfanyi hivyo. Sitanii. Tarehe 2 Desemba 2016 huko Oakland, California, ghala lililokuwa linakaliwa na wasanii, maarufu kama Ghost Ship, lilishika moto chini wakati muziki uko juu. Ndani kulijaa mbao, makochi, mapambo kila kona, njia za kupinda, ngazi ya kuungaunga. Walikufa watu 36, na wengi wao walikuwa wamekuja tu kusikiliza muziki wa marafiki zao.

Hata nje hamko salama kama njia ni moja. Julai 2010 kwenye tamasha la muziki la Love Parade, Duisburg Ujerumani, walifanyia eneo la wazi la stesheni ya mizigo ya zamani ila wanaoingia na wanaotoka wote wanapita kwenye mahandaki na mteremko uleule, wakakutana hapo, watu 21 wakafa kwa kubanwa. Hamna moto, hamna bomu, ni mpangilio tu.

Sasa kama ghala unalipenda kweli: muziki ushuke chini, juu pafungwe kabisa. Mlango wa pili upande tofauti na ule wa kwanza, ufunguke kwa nje, usifungwe na kufuli hata dakika moja watu wakiwemo ndani, na msiuzibe na sanamu eti panapendeza. Taa za dharura. Ekstensheni zisiunganishwe moja juu ya nyingine. Mtu mmoja mlangoni kazi yake ni kuhesabu tu na ana ruhusa ya kusimamisha watu hata kama dijei ni shemeji yake. Idadi mnaipanga kwa upana wa milango ya kutokea, sio kwa ukubwa wa sakafu, na mkiona mahali watu wanne wanagawana mita moja ya mraba mjue pameshaanza kubana, wakivuka watano simamisheni muziki. Waiteni zimamoto waje kabla hamjachapa hata bango moja. Wakisema hapana, ni hapana.

Jengo linabomolewa na lina grafiti ya msanii mkubwa. Tunaweza kukata kile kipande tukaweke galari? Si tunaiokoa?

Unaiokoa kutoka kwa nani, na msanii mmemuuliza? Mwaka 2013 kazi ya Banksy, yule msanii wa mtaani wa Uingereza anayeficha jina lake, ya mtoto anashona bendera kwenye cherehani ilikatwa ukutani kaskazini mwa London, mara ikaonekana kwenye mnada Miami, wakazi wakapiga kelele mpaka ikatolewa mnadani, ila miezi michache baadae ikauzwa London. Na huyu Blu niliyemtaja juu, Machi 2016 alisikia Bologna kuna maonyesho yataweka ndani vipande vilivyotolewa kuta za mtaani, akachukua rangi ya kijivu akafuta michoro yake yote iliyobaki mji ule, ya miaka kama 20. Mwenyewe, akisaidiwa na wanaharakati wa pale.

Kazi ya mtaani imechorwa kwa ajili ya kona ile, harufu ile, basi linalopita pale. Ndani ya galari inabaki tofali lenye rangi. Piga picha kubwa, rekodi majirani wakiisimulia, chora ramani ilikuwa wapi, muulize msanii kama anataka kuchora nyingine mpya kwenye ukuta wenu. Akikubali kipande kikatwe, haya, kateni, na kwenye lebo andikeni kimetoka wapi na nani aliruhusu.

Siku ya ufunguzi watu walijaa hadi nje. Tangu hapo siku nzima tunapata watu watano. Tumebakiza wiki tatu.

Ufunguzi watu wanakuja kuonana, sio kuona, kwahiyo msipime maonyesho kwa hiyo siku. Hela ya ufunguzi mngeigawa kwa wiki zote. Kwa sasa chagueni siku moja kila wiki, ileile, saa za jioni watu wakitoka kazini, mleteni msanii mmoja aongee mbele ya kazi yake nusu saa bila maiki. Wiki ya pili mleteni mtu asiye msanii ila anaijua mada, dereva wa basi, mama anayeuza pale kona, muashi. Waandikieni walimu wa shule za jirani leo, sio wiki ijayo, maana shule zinahitaji siku kadhaa kupanga. Na angalieni mlango wenu kutoka ng'ambo ya barabara, kama mpita njia hawezi kujua ndani kuna nini na kwamba anaruhusiwa kuingia bure basi toeni kazi moja iwekwe dirishani, geuzeni na lile bango, mmeliweka linaangalia ndani.