Pamoja ni mahali au ni wakati?

SWALI: Mtangazaji wa redio alisema, "Mechi mbili za mwisho za kundi zitachezwa pamoja." Rafiki yangu anadai kakosea, eti "pamoja" ni neno la mahali. Mimi naona ni sawa. Asili yake ni ipi?

JIBU: Kwenye asili, rafiki yako kapatia. "Pamoja" ni -moja iliyovikwa kiambishi pa- cha ngeli ya mahali: mtu mmoja, kitu kimoja, mahali pamoja. "Wameketi pamoja" ni kusema wameketi pale pale. Na neno hili lina ndugu wengi. Wachewa husema pamodzi, Washona pamwe, Waganda wamu, Wanyarwanda, Warundi na Wakikuyu hamwe. Yote ni kiambishi cha mahali na mzizi wa "moja". Hata sisi tunalo pamwe, ila siku hizi utalikuta zaidi katika ushairi.

Lakini neno halikubaki lilipozaliwa. Walio mahali pamoja aghalabu hutenda jambo kwa wakati ule ule, ndipo "waliondoka pamoja" ikabeba wakati pia. Kisha likaingia hadi kwenye fikra: mwalimu akiuliza "tuko pamoja?" anawaona wanafunzi wote mbele yake, anachotaka kujua ni kama wanamwelewa.

Kwa hiyo mtangazaji hakuvunja sarufi. Hata hivyo, mimi ningesema "kwa wakati mmoja". Mechi hizo huchezwa viwanja viwili tofauti, na saa ndiyo hoja yenyewe: tangu Kombe la Dunia la 1986 zinaanzishwa kwa wakati mmoja ili timu zisiingie uwanjani zikijua tayari matokeo ya wenzao, kama ilivyokuwa kwa Ujerumani Magharibi na Austria kule Gijón, Hispania, mwaka 1982. "Pamoja" inamwachia msikilizaji kazi ya kukisia. Na tafadhali isiwe "saa moja", maana msikilizaji ataelewa ni saa moja ya asubuhi au ya jioni.

Kuna matumizi mengine ambayo hukuyauliza, nayo ndiyo yanayonivutia zaidi. Tunasema, "Pamoja na mvua kubwa, mechi ilichezwa," tukimaanisha licha ya mvua. Wengine huyaona yamepinda. Mimi naiona pa- ya kale ikifanya kazi yake: mvua na mechi vilikuwapo pale pale, na kimoja hakikukizuia kingine.