Mlenda umetiwa chumvi mara mbili

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 74, yuko Kongwa. Siku hizi anasahau, mlenda anautia chumvi mara mbili, na nyayo zinakufa ganzi. Anameza metformini ya kisukari mwaka wa tisa sasa. Ni uzee tu?

JIBU: Marahaba. Usiseme uzee kabla hajapimwa damu, vitamini B12; ikipungua mwilini inaweza kuleta kusahau na ganzi. Metformini ya miaka mingi huipunguza, na tumbo la mzee huinyonya kwa shida. Ugali wa uwele na mlenda ni chakula kizuri (nimekulia huo), ila B12 haimo, hata ukijaza karanga. Imo kwenye maini, dagaa, mayai na maziwa. Dawa asiiache kwa uamuzi wake. Ganzi hiyo msiicheleweshe: mishipa ya fahamu ikikaa muda mrefu bila B12, huenda isirudi sawa.